Faili Lililofungua Mtoto Mwingine

Ofisi yetu ilikuwa katika mtaa wa Kadutu, na kazi yake ilikuwa kutafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao njiani wakati wa kukimbia vita. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Picha za watoto zilihifadhiwa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na kila mfanyakazi alizifungua kutoka mezani pake.

Asubuhi moja mwenzangu, dada aliyepokea wazazi, aliona picha ya mvulana mwenye kovu juu ya jicho. Alikumbuka mama mmoja kutoka Bunyakiri aliyeeleza kovu kama hilo, akampigia simu. Mama alifika mchana, viatu vimejaa tope, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta bila kukaa.

Mwenzangu akafungua picha tena.

"Huyu si mutoto wangu," mama alisema.

"Maman, angalia vizuri. Watoto wanabadilika."

"Wangu iko na kovu. Huyu kovu yake iko wapi?"

Kwa kweli hakuwa nalo. Mwenzangu aliifunga picha, akaifungua tena; akatokea yuleyule. Mkuu wetu alitoka chumbani, akasema kwa upole kwamba uchovu unachanganya watu. Sikujua anamsema nani kati ya wale wawili. Mama aliendelea kumtazama yule mtoto asiye wake.

"Na huyu, mama yake ni nani?" aliuliza.

Nilimwamini mwenzangu, nikaingia kwenye seva. Kompyuta yake haikulikumbuka faili la picha kwa jina. Ililikumbuka kwa namba iliyotolewa na seva. Kabla ya saa sita mtu alikuwa amefuta picha zilizoonekana kujirudia, na ya yule mvulana ikaondoka nazo. Namba yake ikabaki wazi. Picha mpya ilipoingia, seva iliipa namba ileile. Kompyuta ikaomba namba ya zamani, ikaletewa mtoto mwingine, na hakuna onyo lolote lililotokea. Kama seva ingekataa, ikasema faili hili halipo tena, tungejua la kufanya. Lakini ilijibu kama kawaida.

Nilimpigia mwenzetu wa Kavumu aliyekuwa akiwapiga watoto picha kule. Tableti yake ilikuwa bado na picha ya kwanza. Alipoituma, mama aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akakaa sakafuni.

"Ni yeye. Papa, ni yeye. Iko wapi sasa?" aliniuliza.

Hapo ndipo sauti ya mwenzetu wa Kavumu ilipopungua kwenye simu. Familia iliyompokea mtoto ilikuwa imehama tena baada ya risasi kusikika, na majirani hawakujua imeelekea wapi.

Siku zilizofuata nilibadilisha mfumo. Kila faili lilipata, pamoja na namba, alama ya kizazi chake, yaani ni faili la ngapi kubeba namba hiyo, ili namba ikirithiwa na faili jingine, anayeuliza la zamani akataliwe. Haikuwa kazi ngumu, na jambo hilo ndilo lililoniuma: ingeweza kufanyika tangu mwanzo. Wakati nikiandika programu hiyo, mama alikuwa akija kila asubuhi, akikaa kwenye benchi la mlangoni, akiniuliza kama mashini imesema kitu.

Mtoto alipatikana baadaye upande wa Kalehe, pamoja na ile familia iliyompokea. Mwenzangu alimsindikiza mama huko, na aliporudi alinisimulia huku akivua koti lililolowa mvua. Mvulana alikuwa mzima, amerefuka. Alipomwona mama yake alirudi nyuma, akashika kitenge cha mwanamke aliyekuwa akimlea.

"Mama hakumvuta," mwenzangu alisema. "Aliomba kiti, akakaa pale uani. Nilipoondoka alikuwa anasaidia kumenya mihogo, na mutoto anamuangalia kwa mbali."