Mshika Moshi Kwanza

Mdogo wangu wa kiume alikunywa asali yangu, nami nikampasua mdomo. Watu wa Malaba wanasema tulipigania gemu. Waache waseme, hawakulelewa na baba mrina asali.

Nina kibanda cha gemu karibu na foleni ya malori. Siku hiyo tulikuwa tunacheza wawili, yeye na upanga, mimi na mwenge, ndani ya pango lenye nyuki wakubwa kama kuku. Katika gemu ile chupa ya asali hurudisha damu yote, na chupa ilikuwa moja tu. Nikawazuia nyuki kwa moto ili yeye akavunje masega. Wakaniuma mpaka damu yangu ikabaki kijistari chekundu chini ya skrini. Yeye alikuwa amekwaruzwa tu.

"Lete asali!" nikapiga kelele.

Akaigida. Shujaa wangu akaanguka, nyuki wakamfunika, na ndugu yangu anacheka hadi machozi.

Haki ya Mungu, nilimtwanga mdomoni kwa pedi niliyokuwa nachezea. Damu ikaruka hadi kwenye skrini. Akanirushia stuli, tukabingirishana sakafuni tukiumana, mpaka madereva wakatutenganisha.

"Hii ni gemu tu, dada!" ndugu yangu akafoka.

"Gemu ndiyo imekuumbua! Kwetu nani anaonja kwanza?"

Alijua. Baba alitufundisha kule Mulanda tukiwa wadogo: mshika moshi huumwa kwa ajili ya aliye juu ya mti, kwa hiyo kipande cha kwanza cha sega ni chake yeye wa chini.

Jumamosi baba, ambaye goti lake halipandi mti tena, akatuita turine mzinga wake. Tulikwenda bila kusemezana. Ndugu yangu akapanda, mdomo bado umevimba. Mimi nikabaki chini na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Alikuwa ameshaingiza mkono mzingani tawi lilipokatika. Akaanguka chali, mzinga ukampasukia kifuani.

Mama yangu! Nyuki walimvaa hata sikuuona uso.

"Kimbia, dada!" akalia, na nyuki wakamwingia mdomoni.

Ningeweza kukimbia. Nilikuwa bado namchukia. "Funga mdomo, mjinga wewe!" nikamfokea, nikajitosa, nikamzungushia moshi, nikamburuta kwa mguu mmoja huku wananichoma masikioni, kwenye kope, chini ya nguo. Tulipofika barabarani alikuwa anakoroma, hewa haipiti. Nikasimamisha bodaboda, tukambana katikati, mwendeshaji mbele, mimi nyuma, nikimzaba makofi asilale.

"Ukifa nitakuua!" nilimwambia, na sikuwa natania.

Kliniki walimchoma sindano, kisha nyingine. Uso ulikuwa umeumuka kama unga wa mandazi. Niliketi pale nikisikiliza kifua chake, nikimtukana kimoyomoyo, nikimwomba Mungu. Pumzi ikarudi polepole.

Nesi akataka kumsafisha mkono wa kulia, akashindwa. Alikuwa ameukunja ngumi tangu alipoanguka, na hakukubali uguswe. Akafumbua jicho moja, akaniona, akaifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na kipande cha sega, kimepondeka, kimeshikana na nyuki waliokufa.

"Mshika moshi kwanza," akasema.

Nikala huku nalia. Kilichobaki nikampaka mdomoni, pale nilipompasua.