Ulimi wa Kuazima

Kupika mikate ya kumimina nimejifunza kwenye simu. Mama yangu hapiki mikate, na bibi alifariki kabla sijajua kushika mwiko. Kwa hiyo nilikaa uani kwetu Masoko nikiangalia video za watu nisiowajua, nikaharibu mchele mwingi, mpaka siku moja mkate ukatoka kwenye sufuria mzima, mwekundu juu, ukakatika bila kunata kwenye kisu. Tangu siku hiyo nauza. Na tangu siku hiyo naogopa.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi. Naonja rojo kabla halijaumuka, naonja likiumuka, naonja tena wakati sufuria iko tayari motoni. Mkate ukipasuka kidogo pembeni siuuzi, tunaula nyumbani. Wadogo zangu wamenenepa kwa wasiwasi wangu.

Sasa mtu kama huyo akutwe na Ramadhani, mwezi ambao mikate inatakiwa kuliko miezi yote, naye amefunga. Najua mpishi ameruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Nilijaribu. Nilitema mpaka koo likakauka, na bado nikashinda nikijiuliza kama saumu ipo au imekwenda. Nikaacha kabisa kuonja.

Mwaka jana, katikati ya mfungo, mama mmoja wa Kisiwani, ng'ambo ya maji, aliagiza mikate ya kufuturisha watu. Hakuwa akinijua, alikuwa amekula mkate wangu kwa mtu. Boti ingeichukua baada ya alasiri. Wakati huo mjomba alikuwa ameshanitafutia kazi ya dukani Lindi, na kila akipiga simu huuliza, "Hicho kibiashara chako bado tu?" Nikajiapiza moyoni: kazi hii ikiharibika, naenda Lindi.

Rojo liliumuka vizuri kwenye ndoo. Nikatia sukari, nikashika kopo la chumvi, simu ikaita. Mjomba. Nilipomaliza kuongea naye sikukumbuka kama chumvi nimetia. Nikatia. Kijiko kilipozama tu, moyo ukaniambia nilikuwa nimeshatia. Au sikuwa? Nilisimama juu ya ndoo nikilia.

Jirani yangu anayeuza bagia akaingia kuazima chekeche. Ni mama mtu mzima, meza zetu zimepakana barabarani.

"Makubwa! Kafa nani?"

"Shikamoo mama. Hajafa mtu. Sijui kama nimezidisha chumvi."

"Marahaba. Si uonje?"

"Nimefunga."

"Na mimi nimefunga. Hapa anatakiwa mwenye ulimi." Akafikiri, akavuta mtandio wake. "Usimimine kitu. Nakuja."

Hapo nikaogopa zaidi. Sauti ya mama huyu hufika sokoni bila nauli. Lakini alirudi kimya kimya, nyuma yake dada anayeuza vitumbua, kajitanda khanga mpaka puani. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko wote, maana wateja wetu ni walewale.

"Yuko likizo wiki hii," mama wa bagia alinong'ona, akafunga mlango wa uani. Wanawake tunaijua likizo hiyo: siku za mwezi hatufungi, ila hakuna anayetaka kuonekana akitafuna. Yule dada akachota kidogo kwa kijiko, akaonja, akafumba jicho moja.

"Mwenzangu, hii ni mikate au samaki ng'onda? Chumvi tupu!"

Kuanza upya hakukuwezekana. Mchele ulitaka kulowekwa, rojo lilitaka kuumuka, na jua lilikuwa limeshapinda. Nikakaa chini nikawaeleza yote, ya mjomba na ya Lindi. Mama wa bagia akasema huyo mjomba aje akaange bagia yeye, tumwone. Dada wa vitumbua akajitanda khanga yake, akatoka. Nikadhani amekwenda zake.

Akarudi na ndoo kichwani. Lilikuwa rojo la vitumbua vyake vya siku ile: mchele uleule, tui lilelile, iliki ileile.

"Changanya."

"Na wewe utauza nini?"

"Nitauza kidogo. Changanya wewe, boti haisubiri machozi."

Nikachanganya, yeye akaonja. "Bado." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza. "Hapo." Mama wa bagia akapepea makaa. Mkate mmoja ulipasuka pembeni, nikauweka kando. Mama wa bagia akautia kapuni pamoja na mingine akisema Kisiwani hawali kwa macho.

Nimezoea kuwaambia watu kwamba kazi hii nimejifundisha mwenyewe. Kupika, ndiyo. Kubaki kwenye biashara nimebakishwa na hao wawili, na sijapata neno la kuwashukuru linalotosha.

Kesho yake boti ilirudisha vyombo vyangu. Nahodha akasema yule mama anataka mikate ya Sikukuu, mara mbili ya ile. Sikumpigia mjomba, sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mezani kwa dada wa vitumbua.

"Unalia nini tena?" akauliza.

Nikamwambia. Kisha nikasema kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia mtu: "Peke yangu siwezi. Tupike wote, iwe kazi yetu wawili."

Aligeuza vitumbua vyake vyote kwanza.

"Mimi mikate huniungulia juu," akasema.

"Juu nitaangalia mimi."