Kukaanga Unga Jua Likizama

Unga wa malwa, pombe yetu ya wimbi, hukaangwa asubuhi. Hilo kila mwanamke wa Kisoko analijua, hata mvivu. Unawasha moto umande ukiwa bado majanini, unaweka bati juu ya mawe, unamwaga unga wa wimbi uliofunikwa mpaka ukachachuka, unaugeuza kwa mwiko mrefu hadi ufanane na udongo wa kichuguu. Kisha unauanika, na jua la mchana linamalizia kazi. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa hapa kutoka Lunyo. Watu wamekunywa malwa yangu kwa mirija, harusini na matangani, na sijaona mtu aliyeinuka mtungi ukiwa bado na kitu.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia nikaange jioni, nilimwuliza huko Kampala wanawafundisha au wanawalisha nini.

Mjukuu huyu ni binti wa kijana wangu mkubwa. Anasomea kutengeneza filamu. Mimi shule niliiacha kabla ya kujua kugawanya, na Kiswahili nilikiokota sokoni Busia nikiuza wimbi kwa watu wa pande zote mbili za mpaka, basi nilidhani filamu ni watu kupigana na kurushana madirishani. Yake haikuwa na hata mtu anayekimbia. Ilikuwa ya mwanamke mzee anayekaanga unga.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi, jaja."

"Huyo mzee hafi?"

"Hafi."

"Hata mume hamkimbii?"

"Jaja, anakaanga unga tu."

"Na watu watakaa kuangalia?"

"Wakiuona mwanga, watakaa."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka, na nilijua kwa nini. Mwalimu wake alikuwa ameitazama ile filamu akasema kila kitu kimo isipokuwa mwisho. Mwisho aliokuwa ameupiga wakati wa Pasaka, mchana wa jua kali, ulikuwa mweupe kama ukuta wa hospitali. Autengeneze upya, la sivyo hamalizi masomo mwaka huu. Na baba yake, ambaye nilimzaa mimi lakini kichwa alirithi upande wa marehemu mume wangu, alikwisha kusema hakuna mwaka mwingine. Asipomaliza, arudi akauze dawa katika duka la shangazi yake. Kamera nayo ilikuwa ya kuazima kwa rafiki anayepiga picha za harusi, na huyo rafiki alikuwa na harusi Tororo Jumamosi. Mtoto alikuwa na jioni chache, mimi nilikuwa na pipa moja la unga.

"Nataka saa ya dhahabu," akasema. "Jua likishuka kabisa, kabla halijaingia. Ni dakika chache tu, jaja, lakini kila kitu kinabadilika."

"Dhahabu watu wa Busia wanaichimba mpaka migongo inapinda," nikamwambia. "Wewe unaingoja umekaa kwenye kigoda."

Alikaa kweli. Siku nzima ya kwanza hakuitoa kamera kwenye mfuko. Alikaa uani akitazama kivuli cha ghala kinavyotembea, na kila kikifika mahali aliweka kijiwe. Mke mwenzangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu na ambaye tuligombana naye mpaka tukachoka tukawa marafiki, alitoka akasimama na mikono kiunoni.

"Huyu mtoto yenu napanda mawe?" Kiswahili chake mke mwenzangu alikipata kwa marehemu mume wetu, naye alikipata kwa ng'ombe.

"Anapanda jua," nikamjibu.

Baadaye alihamisha mafiga yangu. Mafiga ambayo hata marehemu hakuthubutu kuyagusa, yeye aliyasogeza ili moshi upite kati yangu na jua. Nikavaa gomesi yangu ya manjano, ile ya kwenda kanisani, mabega yake yamesimama kama masikio ya mbuzi. Akanitazama sana. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Jaja, ile ya kazini."

"Watu wa Kampala wanione na matambara?"

"Watakuona wewe. Ukivaa hii, wataona gomesi tu."

Nikaenda kubadili nikinung'unika. Aliyemzaa nilimnyonyesha mimi, na bado alijua namna ya kuniambia nimependeza kupita kiasi.

Jioni ya kwanza lilikuja wingu. Alingoja, nikakaanga, akangoja, wingu likalala pale pale kama fahali njiani. Unga ukaiva, filamu hakuna. Mke mwenzangu akamshauri azimwage zile picha kuku wale.

Jioni ya pili mbingu ilikuwa safi. Sasa nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kutazama. Kutoka uani kwangu, mwamba wa Tororo uko upande jua linapotokea. Mchana kutwa ni wa kijivu, kama sufuria ambayo haijasuguliwa. Lakini jua likishuka nyuma yangu, mwamba ule unaanza kuiva. Unakuwa wa rangi ya ndizi, halafu wa rangi ya chai, halafu kama kuna mtu ndani yake ameshika taa. Nimeishi mbele yake miaka yote hiyo nikiwa nimeinamia bati.

Uso wangu ulikuwa gizani kwa sababu jua lilikuwa mgongoni. Kwa hiyo mjukuu alimpa mke mwenzangu shuka jeupe alisimamishe mbele yangu, kando ya kamera, ili mwanga ugonge pale unirudie usoni. Mke mwenzangu alilishika, lakini kila mara alilishusha achungulie kama nimekuwa mzuri.

"Bado," akawa anasema. "Bado mbaya."

"Jaja mdogo, usilishushe," mjukuu akamwomba.

Mwanga ukafika. Niliujua kwa sababu mtoto alinyamaza na mabega yake yakapanda. Nikaanza kugeuza unga.

Na hapo pikipiki ikaingia uani.

Alikuwa mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Anaendesha boda pale mpakani Busia, na ndiye aliyeombwa kuipeleka kamera mjini. Alikuwa amepita kuuliza siku. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwewe hawaonani uso. Si ugomvi, ni heshima. Huko Lunyo ni hivyo na hapa Kisoko ni hivyo. Nikimwona njiani naingia shambani mwa mtu yeyote, hata awe na mbwa. Nilitupa mwiko nikakimbia. Mke mwenzangu, ambaye binti yangu ni binti yake pia na kwa hiyo mkwe ni wake vile vile, alijifunika lile shuka kichwani akakimbia bila kuona, akagonga kizingiti cha jiko kwa goti. Tukajibanza ndani, tunahema kama kuku waliokoswa na mwewe. Nje tulisikia pikipiki ikigeuzwa mbio, maana yeye pia alikuwa akitukimbia, na sauti ya mjukuu wangu ikisema taratibu, "Hapana. Hapana. Hapana."

Tulipotoka jua lilikuwa limeingia na unga umeungua.

"Jaja, mwanga ulikuwa umefika," akasema.

"Na mkwe alikuwa amefika."

"Ungesimama kidogo tu."

"Nisimame uso wazi mbele ya mume wa binti yangu, mikono imejaa unga? Hiyo ndiyo filamu ya watu kukimbia, mama. Ulisema yako haina."

Aliikunja miguu ya kamera mmoja mmoja, akaifuta vumbi, na nikaona anavyoifuta sehemu ambayo tayari ni safi. Utani ukanikauka mdomoni.

Ijumaa ilikuwa jioni ya mwisho. Pipani ulibaki unga wa kujaza bati mara moja. Goti la mke mwenzangu lilikuwa limevimba kama boga, akaketi barazani mguu juu ya kigoda, hawezi kusimama na shuka. Wengine wote nyumbani walikuwa mazoezini, kwaya ilikuwa ikijiandaa kwa Jumapili. Jua lilishuka, kivuli cha ghala kikakaribia vijiwe vya mwisho, na mtoto akajaribu kulifunga shuka kwenye kamba, likapeperuka. Akalifunga kwenye fito, likaning'inia kama nguo ya mtoto.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa nyuma ya ghala. Kikohozi cha adabu, cha mtu asiye na mafua. Mkwe alikuwa amekuja kuchukua kamera, na safari hii aliizima pikipiki barabarani akaja kwa miguu, akasimama asipoonekana.

Mjukuu akatazama shuka. Akatazama ghala. Akanitazama mimi.

"Jaja. Na akiwa nyuma ya shuka?"

"Mkwe ni mkwe," nikasema.

"Hatamwona mtu. Hamtamwona."

Mke mwenzangu akadakia barazani. "Shuka si ukuta? Ukuta nakataa nini?"

"Ukuta hauna mikono," nikamwambia.

"Hii ya leo iko nayo. Mwenzangu, mtoto nalia ndani ya tumbo, wewe nahesabu mikono."

Nilitazama jua. Ningeweza kusema hapana, na kila mwanamke wa ukoo angeniunga mkono. Nikamwambia mjukuu, "Alisimamishe kabla hajatoka huko. Na lisishuke mpaka tuwe ndani."

Mjukuu akampelekea, na mkwe akatoka nyuma ya ghala shuka likiwa limeinuliwa juu ya kichwa chake, miguu tu inaonekana, anatembea kama kuku gizani. Mjukuu akawa anamwelekeza. "Kushoto, anko. Kushoto yako. Hapo kuna bata." Bata akakanyagwa kidogo akatoa maoni yake. Mke mwenzangu alikuwa amejifunika kitenge kichwani akabakiza tundu la jicho moja, kwa sababu heshima ni heshima na kuona ni kuona.

Halafu tukangoja. Nilidhani tungeanza mara moja, lakini mtoto akasema bado. Jua lilikuwa bado jeupe. Vidole vya mkwe juu ya shuka vikaanza kutetemeka. Kwa kuwa hatusemeshani, mke mwenzangu akapitisha maneno kwa mjukuu, ingawa kutoka barazani hadi pale hata kiziwi angesikia.

"Mwambie ule mwenye shuka ashike vizuri. Siku ya kuomba mke alisema iko na nguvu."

"Mwambie mama," shuka likajibu, "nguvu ziko, upepo ndio mwingi."

"Mwambie upepo hakuna."

"Nyamazeni," mjukuu akasema, na tukanyamaza sote, wazee na mkwe. Sijui ni lini mtu wa umri wake alininyamazisha uani kwangu. "Jaja, anza. Polepole. Usitazame huku."

Nikaanza. Mwamba ulikuwa unaiva mbele yangu. Moshi ukapanda, jua likapita ndani yake, na kila nilipoinua mwiko vumbi la unga lilining'inia hewani likiwaka, halitaki kushuka. Shuka lote lilikuwa moto mtupu, na joto lake nikalihisi mashavuni kama mtu aliyenishika uso kwa viganja. Niliangalia mikono yangu nikaona imepakwa mafuta, na sikuwa nimepaka. Nikasahau kamera, nikasahau hata nani yuko nyuma ya shuka. Nilikaanga tu. Mke mwenzangu hakusema mbaya.

Kisha mwanga ukatoka kwenye bati, ukatoka mikononi, ukabaki juu ya mwamba, ukaondoka na hapo.

Mjukuu aliinamia kioo kidogo cha kamera. Alirudisha, akatazama, akarudisha tena. Hakuna aliyesogea. Nilijua nikimwuliza nitamvuruga, kwa hiyo nikashika mwiko nikangoja, na ninawaambia, kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko kukaanga.

"Imeingia," akasema. Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Jaja, imeingia yote."

"Mwisho uko?"

"Mwisho upo."

Nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nayo tangu Pasaka.

"Imeingia?" shuka likauliza. "Basi nishushe?"

Mjukuu akaniangalia. Kamera ilikuwa inangojwa mjini, mikono ya mtu ilikuwa inakufa hewani, na sisi wazee tulitakiwa tuingie ndani ili alishushe. Nikamtazama mke mwenzangu. Jicho lake lile moja lilikuwa linacheka.

"Mwambie bado," nikasema, nikaugeuza unga taratibu, upande huu, na upande huu. "Mwambie unga haujaiva."

"Jaja, anko anachelewa."

"Si ndiyo wewe umetufundisha kungoja?"

Mkwe hakulalamika. Alihema tu, akalinyanyua shuka lililokuwa limeanza kulegea, akajipanga vizuri miguu. Binti yangu hakukosea kuchagua. Tulimwacha pale mpaka popo wakaanza kutoka, mimi nikigeuza na mke mwenzangu akinishauri kutoka barazani nigeuze tena, na unga wenyewe ulikuwa umeiva kitambo.