Nilisema tayari, nikashika kamba

Leo kompyuta zimeniiga, mimi mzee wa Kanyangi.

Nilikuwa nabadilisha dume langu na ng'ombe wa maziwa wa Musyoka, yeye ako mji wa Salama.
Binti yangu Mwende, fundi wa kompyuta, ndiye msimamizi, akatupigia simu sote.
"Mko tayari?"
Tukasema ndio.
"Msipakie ng'ombe kwa lori mpaka niwaambie."

Simu yake ikazima.

Jirani akaleta ng'ombe mnono kuliko wa Musyoka.
"Mzee, tubadilishane sasa."
Nikakataa. Nimeshasema tayari.
Masaa mawili juani nimeshika kamba ya dume, mama watoto ananicheka.

Mwende akarudi kwa simu: "Pakieni."
Nikamweleza ya jirani. Akasema:
"Baba, database mbili, yaani hifadhi za rekodi kwa kompyuta, hufanya hivyo zikibadilishana. Moja ikishasema tayari, inashikilia rekodi mpaka iambiwe. Zinaandika zote, ama hakuna inayoandika."

Mimi niliachia darasa la pili.
Nani alizifundisha ukaidi wangu? Semeni.