Saa Kumi na Nne za Binti Yangu

Mie hakuna kitu cha kunishangaza. Nimetoka kijijini Msuka na darasa la nne na kapu la dagaa kichwani, leo nna duka la jumla la mchele Mtambile na gari mbili za mizigo. Binti yangu alipopata saratani ya damu, ana miaka sita, watu walishaanza kumlilia. Mie nikauza shamba, nikamvusha bahari mpaka Dar es Salaam, akapona. Sasa ana ishirini na mbili. Daktari aliponambia kuwa zile dawa za utotoni ziliuchosha moyo wake, na unene unauzidishia kazi, sikutetereka. Nilichoka tu. Nilidhani tumemaliza.

Daktari akasema binti ale mchana, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha asitie kitu mdomoni ila maji. Saa kumi na nne za kufunga. Vidonge vya moyo ameze kila asubuhi, asikose.

Njiani nikacheka. Kijana yule atufundishe kufunga, sie tuliofunga toka tuna miaka saba? Na tangu lini mtu akafunga usiku? Nikapanga mwenyewe: daku saa kumi alfajiri, kufuturu magharibi. Saa ni zile zile, na thawabu juu.

"Na vidonge?" akauliza mke wangu.

"Atameza kwenye daku."

"Haya, daktari wa mchele."

Nikamfuturisha hasa: muhogo wa nazi, boga, tambi za sukari, papa mkavu.

"Baba, wanilisha kama bi harusi," akasema, akala kwa kunistahi.

Kila Ijumaa nikampandisha kwenye mizani ya mchele dukani. Kilo zikapanda. Nikasema mizani mbovu, nikaifungua, nikaifuta vumbi.

Kumbe binti daku haamki. Usingizi ulimzidi, akaona haya kunambia, na vidonge vikalala kwenye pakiti. Wiki ya tano viatu havimuingii, na vidaraja vitatu vya baraza avipanda akisimama kuvuta pumzi.

Nikamrudisha hospitali. "Mzee, nani alimbadilishia saa za kula na za dawa?" akauliza daktari.

Nilitaka kusema mama yake. Binti alinitazama, kachoka.

"Mie," nikasema.

Tukapelekwa Unguja, apigwe picha ya moyo. Siku tatu nilikaa kwenye benchi, mie mwenye gari mbili, nikiogopa kila mlango unaofunguliwa. Moyo haukuwa umeharibika zaidi; maji ndiyo yaliyojaa mwilini. Wakayatoa kwa dawa, vidonge vikarudi asubuhi.

Siku hizi jiko letu lafungwa saa kumi na mbili jioni. Nikichelewa dukani nakuta sufuria zishaoshwa, nakunywa maji, nalala. Kilo za binti zinateremka, polepole mno.

Boti ya Unguja, kipimo, dawa na malazi nililipa mwenyewe, sikumkopa mtu: shilingi laki nne, thelathini na saba elfu na mia tano.