Moshi Ulipokwisha

Juzi, kwenye korido ya nyumba ya kupanga Kariakoo, nilimwona mama mmoja akipepea jiko la mkaa, akisubiri moshi uishe aliingize ndani. Harufu ile ikanirudisha chumbani kwa bibi, Buguruni.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mvua ilinyesha. "Zuhura, moshi ukiisha lete jiko, ufunge mlango," bibi aliniambia, nikatii. Maharage yalitokota, kichwa kikaniuma, bibi akasinzia na mwiko mkononi. Nikatoka nje kutapika. Niliporudi nilimwita, hakuitika tena.

Waliokuja kuzika walisema ni jini. Mimi nilidhani ni kosa langu, labda moshi haukuwa umeisha vizuri.

Leo najua sumu ya mkaa haionekani wala hainuki. Nilimsihi yule mama wa Kariakoo aliache jiko nje.

Akanishangaa. "Mbona halitoi moshi tena, dada?"