Fomu Nilizompa Muuza Sambaza

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nimerudi Rwanda na wazazi wangu kutoka Tanzania, na nilikuwa nimepata kazi katika chumba cha nyaraka cha chuo kimoja hapa Gisenyi. Vita vilikuwa vimekipitia chuo kile. Madirisha yalizibwa kwa mbao, na historia yake yote ilirundikwa kwenye masanduku yaliyonyeshewa mvua.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Anastazi, mtunza nyaraka, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Wiki ile tulikuwa tunatayarisha maonyesho ya utamaduni: ngoma, vikapu, mavazi ya kikundi cha wachezaji wa chuo. Mimi nilipenda hivyo vitu vya kupendeza macho, sikufichi. Makaratasi yalinichosha. Basi Mzee alipokwenda Kigali kwa siku mbili, nikawa natafuta pa kuweka ngoma, nikaliona sanduku la fomu za zamani za kujiandikisha. Zilikuwa zimekunjamana, zinanuka uvundo, kila moja na picha ndogo ya mwanafunzi imebandikwa kwenye pembe. Nikajisemea, hawa wengi wao hawapo tena duniani, nani atakuja kuziulizia? Nikambebea jirani yetu wa Mbugangari, Mama Zawadi, aliyekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, apate cha kuwafungia wateja. Alinishukuru sana, nami nikajiona mtu mwema. Mjinga wee!

Siku Mzee aliporudi, asubuhi, aliingia mama mmoja kutoka Rugerero, vumbi hadi magotini. Njia ile siku hizo ilikuwa ya hofu. Kila mtu alitaka awe kwake kabla jua halijashuka. Akasema yeye ni Mama Fideli. Fideli wake alisoma kwetu, akauawa mwaka ule mbaya, nyumba ikachomwa na kila kilichokuwamo. Hakubakiwa na picha hata moja.

"Nimeambiwa ninyi mnayo sura yake," alisema. "Nimeanza kuisahau pua yake. Macho nayakumbuka, lakini pua naikosa."

Mzee akanigeukia. "Lete lile sanduku la fomu."

Nilimvuta pembeni nikamweleza, hadi lile neno langu kwamba watu wenyewe hawapo tena duniani. Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Alisema tu, taratibu, "Kwa kuwa hawapo duniani, ndiyo maana tuliwaweka humu. Haya, kimbia!"

Nilikimbia hadi Mbugangari na viatu mkononi. Mama Zawadi alikuwa mbele ya karai lake, mafuta yanachemka, rundo la fomu kando ya goti lake limekuwa dogo.

"Mama Zawadi, zile karatasi nazitaka! Zote!"

"Eh, we! Si weye ulinipatia?" alishangaa kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Ulisema iko takataka. Nusu imeshaenda na batu benye kununua samaki."

"Na picha zake?"

"Mapicha iko na gundi, inaharibisha samaki. Nilitoa yote, nikatia mu moto."

Alisema bila ubaya wowote, na kweli hakuwa na kosa. Nilipiga magoti pale chini nikapekua moja moja, jina baada ya jina, mikono inateleza mafuta, huku wateja wakiniuliza kama nimepatwa na wazimu. Karibu na mwisho kabisa nikaiona: Fideli. Fomu nzima, na pembeni doa jeupe la mraba.

Chuoni nilitaka kumkabidhi Mzee. Akaweka mikono nyuma. "Mpe mwenyewe. Na umweleze mwenyewe."

Nikampa, nikamweleza. Mama Fideli aliusoma mwandiko wa mwanawe polepole. Palipoulizwa kipaji, kijana alikuwa ameandika: kupiga ngoma. Mama akacheka kidogo, akasema alikuwa akiwakosesha usingizi. Kisha kidole chake kikafika kwenye lile doa, kikakaa hapo.

"Binti yangu," aliniambia, na hakuwa na hasira hata kidogo, "wewe ndiye uliyezibeba. Sura yake uliiona. Basi nisimulie tu, alikuwaje?"

Mwanangu, sikuwa nimetazama. Sanduku zima la nyuso za watu nililibeba kichwani, sikutazama hata moja.

"Sikutazama, mama," nilisema.

Aliikunja fomu, akaifunga ndani ya kitenge chake, akasema jua halimsubiri. Mimi nililia hadi Mzee akanionea huruma.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Usitupe kitu cha watu kabla hujakitazama, na ukishakitazama, muulize aliyekitunza kabla yako. Ngoma za maonyesho hazikosi wa kuzipigia makofi. Karatasi iliyolowa inamtegemea yule aliyeshika ufunguo wa chumba chake. Mungu akupe macho yasiyo na haraka, akupe wazee wa kukukemea mapema, na akuepushe na siku ya kuulizwa sura ya mtoto wa mtu, nawe huna la kujibu.